Mtoto akitolewa majini: ni nini huamua kama atapona?

MSOMAJI, tuseme watoto wawili wa umri mmoja wametumbukia majini siku moja. Wa kwanza alitumbukia katika bwawa la kunyweshea mifugo, wa pili katika pipa la maji nyuma ya nyumba. Wote wawili walitolewa wakiwa wamelegea, hawapumui. Wa kwanza anarudi shuleni baada ya wiki moja kana kwamba hakuna lililompata. Wa pili anabaki hai, lakini hatembei, hasemi wala hamtambui mama yake. Ni nini kilichowatenganisha?

Wengi watajibu kwamba ni majaliwa. Wengine watasema kwamba wa kwanza alibahatika kupata hospitali kubwa yenye madaktari hodari. Lakini uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali kwa zaidi ya miaka 30 unaonyesha vingine. Mengi huamuliwa kabla mtoto hajafika hospitalini, katika dakika chache za mwanzo, mikononi mwa mtu ambaye aghalabu si daktari. Huyo huwa ni mama, shangazi, kaka, mvuvi, jirani au mwenye bodaboda aliyekuwa akipita. Somo letu la leo ni juu ya dakika hizo.

Jambo hili si dogo. Kulingana na ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa Desemba 2024, watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Zaidi ya vifo 9 kati ya kila 10 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Na hapa Kenya hatuhitaji kuishi Pwani wala kando ya Ziwa Victoria ili kuyajua haya. Maji yako kwenye matimbo ya mawe yaliyoachwa wazi na kujaa mvua, kwenye mabwawa ya mifugo, kwenye visima visivyo na vifuniko, na kwenye karai la kufulia nguo.

KUZAMA NI NINI?

Zamani madaktari waliwagawa watoto hawa mafungu mawili: waliokufa maji, na walionusurika kufa maji. Mgawanyo huo uliwachanganya watu, kwa sababu mtoto "aliyenusurika" angeweza kuwa mzima kabisa, au angeweza kufa siku tatu baadaye katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Mwaka 2002 wataalamu walikutana Amsterdam, Uholanzi, na kukubaliana juu ya maana moja. Kuzama, walisema, ni kupata shida ya kupumua kwa sababu ya kuwa ndani ya maji au kitu kingine kioevu. Basi. Mwisho wake waweza kuwa mmoja kati ya mitatu: kufa, kupona lakini kubaki na madhara, au kupona bila madhara yoyote.

Maana hii ina faida kwako wewe mzazi. Inakuambia kwamba mtoto aliyeacha kukohoa na mtoto aliyeacha kupumua wako katika njia moja, ila mmoja amekwenda mbali zaidi. Kazi ya mwokoaji ni kumrudisha kabla hajafika mwisho wa njia hiyo.

KINACHOTOKEA MWILINI

Waswahili husema mfa maji haachi kutapatapa. Kwa mtu mzima huenda ikawa hivyo. Kwa mtoto mdogo, usiisubiri methali hiyo itimie. Mtoto wa miaka 2 akitumbukia kichwa mbele ndani ya ndoo hana nguvu ya kujiinua, na kinywa kilichojaa maji hakiwezi kupiga kelele. Watoto wengi huzama kimya, mita chache tu kutoka alipo mtu mzima.

Kwanza mtoto hubana pumzi. Hili huchukua muda usiozidi dakika moja hivi, na kwa mdogo huwa ni sekunde chache. Kisha hushindwa, huvuta maji, hukohoa, na huvuta mengine. Oksijeni katika damu hupungua, naye hupoteza fahamu. Halafu huacha kupumua. Moyo, ambao mwanzoni ulikwenda mbio, sasa hupiga polepole, na mwishowe husimama. Safari yote hii, kutoka kutumbukia hadi moyo kusimama, huchukua dakika chache tu.

Hebu uangalie utaratibu huo tena. Pumzi hukatika kwanza. Moyo husimama baadaye. Baina ya hayo mawili pana mwanya mfupi. Mtoto akitolewa ndani ya mwanya huo, amelegea, amebadilika rangi, lakini moyo wake ungali unapiga, anachokosa ni hewa tu. Akipuliziwa pumzi, mara nyingi hurudi. Akiachwa bila hewa wakati watu wanabishana, moyo nao utasimama, na hapo mambo huwa magumu mno.

Kiungo kinachoumia kuliko vyote ni ubongo. Mapafu yakiharibika yaweza kutibiwa na kupona. Lakini chembe za ubongo zisizopata oksijeni huanza kufa baada ya dakika nne hadi sita hivi, na zikishafa hazirudi. Ndiyo sababu swali halisi si kama mtoto ataishi tu, bali ataishi vipi.

JAMBO LA KWANZA: ALIKAA CHINI YA MAJI KWA MUDA GANI?

Katika mambo yote yaliyochunguzwa, hili ndilo lenye uzito kuliko mengine. Wataalamu waliokusanya matokeo ya uchunguzi mwingi wametoa makadirio haya ya hatari ya kufa au kubaki na ubongo ulioharibika vibaya:

- Aliyekaa chini ya dakika 5: karibu 10 kwa kila 100.
- Aliyekaa dakika 6 hadi 10: 56 kwa kila 100.
- Aliyekaa dakika 11 hadi 25: 88 kwa kila 100.
- Aliyekaa zaidi ya dakika 25: karibu wote.

Tazama jinsi hatari inavyoruka baina ya mstari wa kwanza na wa pili. Muda wa kuchemsha chai ndio unaomtenga mtoto mzima na mtoto mlemavu. Kwa hiyo mtoto mdogo akipotea machoni, nenda kwanza kwenye maji. Usianze kumtafuta chini ya kitanda au kwa jirani. Chungulia pipa, kisima, shimo na bwawa, kisha ndipo uende kwingineko.

Kwa upande mwingine, mwokoaji asijifanye hakimu. Watu waliotaharuki hawajui kuhesabu dakika. Anayesema "alikaa nusu saa" huenda ni dakika nne. Kama huna hakika ya muda, mhudumie mtoto.

JAMBO LA PILI: ALIYEFIKA KWANZA ALIFANYA NINI?

Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto 166 waliozama huko Los Angeles, Marekani. Watoto waliopona vizuri walikuwa na uwezekano wa karibu mara tano zaidi kuliko wenzao wa kuwa walihudumiwa papo hapo na mtu aliyekuwepo, kabla gari la wagonjwa halijafika. Ikiwa hivyo ndivyo katika mji ambao gari hilo hufika kwa dakika chache, je, sisi ambao huenda tukalingoja saa nzima?

Kwa bahati mbaya, hapa ndipo dakika nyingi hupotezwa na watu wenye nia njema. Wapo wanaomning'iniza mtoto miguu juu kichwa chini ili "maji yatoke". Wapo wanaomlaza kifudifudi na kumkamua tumbo, au kumbeba begani na kukimbia naye huku na huku. Wapo wanaomchapa makofi, wanaomchomea vitu vya moshi puani, au wanaotaka kwanza aombewe au aitiwe mganga kwa kudhani kuna kitu kilichomvuta. Msomaji, hakuna hata moja kati ya haya linalompa mtoto hewa.

Maji yanayoingia mapafuni si mengi kama watu wanavyodhani, na mengi yake hufyonzwa na mwili wenyewe. Yanayotoka unapomkamua mtoto ni ya tumboni, nayo yakipanda kooni pamoja na chakula huenda yakashuka mapafuni na kuongeza madhara. Mapafu hayahitaji kumwagwa maji. Yanahitaji kuingizwa hewa.

HUDUMA YA KWANZA, HATUA KWA HATUA

1. Piga kelele kuomba msaada. Usiruke majini kama hujui kuogelea. Wazazi na ndugu wengi wamekufa hivyo pamoja na watoto wao. Mnyooshee fimbo au tawi, mrushie kamba, au mtungi mtupu wa plastiki uliofungwa kifuniko ili aushike.

2. Akishatolewa, mlaze chali mahali pagumu palipo tambarare. Mwite kwa sauti, mguse mabega.

3. Angalia kama anapumua kawaida: kifua kinapanda na kushuka? Usizidishe sekunde 10. Kutweta mara moja moja kama samaki aliyetolewa majini si kupumua.

4. Kama hapumui, inamisha kichwa chake nyuma kidogo na uinue kidevu. Ondoa uchafu unaouona, kama majani au tope. Povu usishughulike nalo, litaendelea kutoka.

5. Mpulizie pumzi tano. Kwa mtoto mchanga, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako. Kwa mkubwa, bana pua na upulizie mdomoni. Puliza taratibu, kiasi cha kukiona kifua kikipanda, na uache kishuke kabla ya kupuliza tena.

6. Asipojitikisa, asipokohoa wala kuanza kupumua, anza kukandamiza kifua katikati, sehemu ya chini ya mfupa wa kifua. Kwa mtoto mchanga tumia vidole gumba viwili, mikono ikikizunguka kifua chake. Kwa mkubwa tumia kiganja kimoja, au viwili kama ana mwili. Kandamiza hadi theluthi moja ya unene wa kifua, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Baada ya kukandamiza mara 30, mpulizie pumzi mbili. Rudia.

7. Akitapika, na wengi hutapika, mgeuze ubavu, mpanguse, kisha uendelee. Kama uko peke yako na huna simu, fanya hivi kwa dakika moja kwanza ndipo ukimbie kuita watu. Kama una simu, piga 999 au 112, uiweke chini yenye sauti ya juu, nawe uendelee na kazi.

8. Usiache mpaka apumue, au mpaka mhudumu wa afya akupokee, au nguvu zikuishie kabisa. Akianza kupumua, mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa, mfunike kitu kikavu, na apelekwe hospitali.

Jambo moja zaidi. Usimpakie kwenye bodaboda mtoto asiyepumua. Huwezi kumpulizia wala kumkandamiza juu ya pikipiki, na kila kilomita ni dakika bila oksijeni. Kwanza mpe hewa pale pale ukingoni. Safari ije baadaye. Kama ni lazima mwondoke na pana gari, alazwe chali na mtu aendelee kumhudumia njiani.

Wengi huuliza: je, nikimvunja mbavu? Mbavu za mtoto hupindika zaidi ya kuvunjika, na hata ukivunjika mmoja utaunga. Mtoto ambaye moyo wake umesimama hawezi kudhurika zaidi kwa kusaidiwa.

JAMBO LA TATU: HALI YAKE ALIPOTOLEWA

Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu 1,831, wakubwa kwa wadogo, waliozama kwenye fuo za Rio de Janeiro, Brazil. Waliotolewa wakiwa wanakohoa tu, wenye fahamu na bila povu, hakuna hata mmoja aliyekufa. Wenye povu jingi lakini damu ikizunguka sawasawa, walikufa watano hivi kwa kila 100. Walioacha kupumua lakini moyo ukiendelea kupiga, walikufa 44 kwa kila 100. Wale ambao pumzi na moyo vyote vilikuwa vimesimama, walikufa 93 kwa kila 100.

Ule mwanya tuliousema awali, baina ya pumzi kukatika na moyo kusimama, ndio huu kwa hesabu. Ni tofauti ya 44 na 93.

JE, MAJI BARIDI HUSAIDIA?

Huenda umewahi kusikia habari za watoto wa Ulaya au Marekani waliofufuka baada ya kukaa majini muda mrefu. Si uongo. Mwaka 1986, katika jimbo la Utah, Marekani, mtoto wa kike wa miaka 2 na nusu alitumbukia katika kijito chenye maji ya nyuzi 5 tu za sentigredi. Alikaa chini kwa dakika 66. Madaktari waliipasha damu yake joto kwa mashine nje ya mwili, naye akapona.

Ajabu hiyo ina sababu. Maji yaliyokaribia kuganda huupoza mwili mdogo haraka sana, na ubongo uliopoa kabla ya kukosa oksijeni hutumia oksijeni kidogo mno. Lakini hata huko, visa hivyo ni vichache. Mwaka 2015 madaktari wa Uholanzi walichapisha habari za watoto 160 waliozama, wakapoa mwili na moyo ukasimama. Kati yao, 98 walikandamizwa kifua kwa zaidi ya dakika 30; 87 walikufa, na 11 waliobaki walikuwa na ubongo ulioharibika vibaya. Kati ya 62 waliorudi kabla ya dakika 30 kwisha, 17 walipona vizuri.

Sasa tujiangalie wenyewe. Maji ya Ziwa Victoria na ya Bahari Hindi huwa na joto la nyuzi 25 hivi au zaidi. Maji ya mito ya nyanda za juu hutetemesha mwili, lakini si barafu. Kwa hiyo mtoto wa Kenya hana kinga ya baridi. Akitolewa mwili ukiwa baridi, mara nyingi ni kwa sababu amekaa muda mrefu au damu haizunguki, na hiyo ni dalili mbaya. Mpashe joto kwa nguo kavu, lakini usiitegemee baridi ikufanyie kazi ya pumzi.

MAMBO YASIYO NA UZITO MKUBWA

Watu hubishana sana kama maji ya chumvi ni mabaya kuliko maji matamu. Kwa mtoto aliyeokolewa, tofauti hiyo ni ndogo. Maji ya aina zote mbili huuharibu utando mwembamba unaozuia vifuko vya hewa vya mapafuni visishikamane, na mtoto hukosa oksijeni vilevile. Umri na kuwa mvulana au msichana havitoshi kutabiri kama atapona, ijapokuwa wavulana ndio wanaozama kwa wingi.

Uchafu wa maji ni jambo jingine. Mtoto aliyevuta tope, maji ya choo cha shimo au ya mtaro ana hatari zaidi ya kuugua kichomi siku zinazofuata. Mweleze daktari ni maji ya aina gani.

HOSPITALINI

Kila mtoto aliyepuliziwa pumzi, aliyepoteza fahamu hata kidogo, au anayeendelea kukohoa na kuhema, apelekwe hospitali hata akionekana amepata nafuu. Mapafu yaliyoingia maji yaweza kuharibika polepole. Kwa kawaida mtoto hutazamwa kwa saa nne hadi nane. Akibaki mzima muda wote huo, hahemi, hakohoi na oksijeni katika damu ni ya kawaida, huruhusiwa kurudi nyumbani. Hadithi kwamba mtoto asiye na dalili yoyote hufa ghafla wiki moja baadaye kwa "maji yaliyobaki mapafuni" hazina msingi. Lakini akianza kuhema, kupata homa au kulala kusiko kwa kawaida, mrudishe mara moja.

Dawa kuu ni oksijeni. Usishangae daktari asipompa mtoto dawa za kuua viini siku hiyo hiyo. Hutolewa dalili za maambukizi zikionekana. Jiandae kujibu maswali manne: alikaa majini muda gani, alikuwa anapumua alipotolewa, nani alimhudumia na lini, na kama ana kifafa au ugonjwa wa moyo.

Na kama mtu atakuambia ulipe kwanza ndipo mtoto apokelewe, jua haki yako. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Mzazi aliyeketi nje ya chumba cha wagonjwa mahututi huwa na swali moja tu: atazinduka? Daktari mwaminifu hawezi kujibu saa ya kwanza. Uchunguzi wa watoto 44 waliolazwa wakiwa hawajitambui, uliochapishwa Marekani mwaka 1994, uligundua kwamba wote waliopona vizuri walikuwa, baada ya saa 24, wameanza kujongeza viungo vyao wenyewe kwa kusudi. Kwa hiyo siku ya kwanza hadi ya tatu ndiyo hutoa ishara. Mtoto anayevuta mkono anapochomwa sindano, anayefungua macho anapoitwa, anakuja. Anayebaki kimya kabisa kwa siku hizo, familia ielezwe ukweli kwa upole.

BAADA YA KURUDI NYUMBANI

Wengi wanaozinduka mapema hupona kabisa. Hata hivyo baadhi yao hubaki na kasoro zisizoonekana haraka: kusahau, kutotulia darasani, hasira za ghafla. Mwarifu mwalimu wake, asije akachapwa kwa uvivu ambao si uvivu.

Mtoto aliyebaki na madhara makubwa anahitaji mazoezi ya viungo mapema, kabla misuli haijakakamaa, pamoja na maelekezo ya kumlisha bila kumkaba na dawa ikiwa ana degedege. Vipo vituo vya Wizara ya Elimu vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum. Usimfiche.

Na tusimhukumu mama. Mara nyingi ni yeye aliyekuwa akifua, akipika na kulea wengine wawili peke yake. Lawama za ukoo hazimponyi mtoto. Huvunja tu nyumba inayotakiwa kumlea.

KINGA

Watu husema ajali haina kinga. Hii inayo. Mwaga maji ya karai na ndoo mara umalizapo kazi. Sentimita chache zatosha kumzamisha mtoto anayetambaa. Funika mapipa, matangi na visima kwa kifuniko asichoweza kukiinua. Weka ua kuzunguka bwawa. Kijiji au mtaa wenye timbo lililojaa maji umdai mwenye ardhi alizibe au alizungushie ua.

Saa za hatari ni zile za katikati ya asubuhi, watu wazima wakiwa na kazi, na siku za likizo. Asimamie mtu mzima, si mtoto wa miaka 7 kumlinda wa miaka 2. Nchini Bangladesh, vituo vya kijiji vya kulelea watoto saa hizo za kazi vimepunguza sana vifo vya majini, na WHO inazihimiza nchi nyingine kufanya vivyo hivyo. Watoto wa shule wafundishwe kuogelea na kumwokoa mwenzao bila kuruka majini. Ndani ya mashua kila mtoto avae jaketi la kuokolea maisha linalomtosha. Mwenye kifafa, ambaye hatari yake ya kufa maji ni zaidi ya mara 15 ya mtu mwingine, asiogelee wala kuoga ziwani peke yake.

Mwisho, jifunze kwa mikono. Kusoma gazeti ni mwanzo tu. Shirika la Msalaba Mwekundu na lile la St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza hapa Kenya. Chama cha akina mama, kikundi cha wavuvi, chama cha wenye bodaboda au kamati ya wazazi shuleni yaweza kuchangishana na kumwalika mwalimu kwa siku moja.

KUMBUKA

- Mtoto akipotea, tafuta kwanza kwenye maji.
- Usimning'inize, usimkamue tumbo.
- Hapumui? Pumzi tano kwanza, pale pale.
- Hajazinduka? Kandamiza mara 30, puliza mara 2, bila kuacha.
- Amezinduka? Hospitali vilevile.

Kata orodha hii uibandike karibu na pipa la maji, mahali ambapo hata yaya na watoto wakubwa wataisoma.